Nasaha kwa Wenye Kujaribu Programu za Kunakili CD

Mtu apitaye Namuwongo, mtaa uliokaa chini ya kilima cha Muyenga na kando ya reli, kusini mashariki ya kitovu cha Kampala, aghalabu hupokewa na muziki kabla ya kupokewa na watu, maana kinyozi, muuza simu, mama wa chakula na kanisa la mabati kila mmoja ana spika yake, na hakuna aliye radhi kushindwa na jirani. Muziki huo leo hutoka kwenye simu na flashi, lakini mwingi wake, hasa ule wa miaka ya mwanzo ya karne hii, uliishi kwanza kwenye CD, na CD hizo bado zimo majumbani: nyimbo za Kiacholi za watu waliokimbia vita vya kaskazini ya Uganda, rumba ya Kongo, albamu za Afrigo Band, bendi iliyoasisiwa hapa Kampala mwaka 1975, taarabu iliyoletwa na jamaa kutoka Mombasa, na mahubiri ya wachungaji ambao baadhi yao wamekwisha kufariki dunia.

Vijana wenye kompyuta hupewa kazi ya kuzihamisha sauti hizo, na miongoni mwao wamo wachache waliopendezwa na programu mpya za kazi hiyo, ambazo zingali katika matoleo ya majaribio, na ambazo waandishi wake huzitoa bure kwa sharti moja la kiungwana, kwamba mwenye kuzitumia awaarifu kasoro atakazoziona. Ni kwa vijana hao ninaandika. Nataka kuwathibitishia kwamba mjaribu wa Namuwongo anacho kitu ambacho mjaribu wa Berlin au Toronto ni nadra kuwa nacho, nacho ni CD mbaya. Na kwamba CD mbaya haina faida kwa mwandishi wa programu ila ifuatane na ushahidi ulioandikwa vema.

Kabla ya kujaribu chochote, inafaa kuijua tabia ya kitu kinachosomwa. CD ya muziki, kama ilivyowekewa kanuni na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980, na kama ilivyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982, haikukusudiwa kompyuta. Ilikusudiwa mashine ya kuchezea, ambayo wajibu wake ni kwenda mbele bila kusimama mpaka wimbo uishe. Sauti imegawanywa ndani yake katika sampuli 44,100 kwa kila sekunde, kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila sampuli ina biti 16; kisha sampuli hizo zimefungwa katika sekta, 75 kwa sekunde, kila sekta ikibeba sampuli 588 za kila upande, yaani baiti 2,352. Diski ya data hutumia katika baiti hizo 2,048 tu kwa data yenyewe, na zilizobaki huzitia anwani ya sekta na ulinzi wa ziada dhidi ya makosa. Diski ya muziki haikuacha nafasi hiyo, bali imejaza sauti mpaka ukingoni. Ulinzi ilio nao ni wa tabaka la kwanza tu, nao ni hodari, kiasi cha kuweza kufidia pengo la karibu milimita 2.5 katika njia unayopita mwali wa leza; lakini ukishindwa huo, hakuna mwingine nyuma yake.

Na ukishindwa, mashine haisimami wala haipigi yowe. Hutazama sampuli iliyotangulia na iliyofuata, ikabuni ya katikati, kama msomaji wa barua iliyoliwa na mende ambaye, kwa kuona haya mbele ya wasikilizaji, hulijaza tundu kwa neno linaloelekea kufaa. Kwa anayecheza muziki sebuleni hiyo ni fadhila. Kwa anayetaka nakala sahihi ni khiana, kwa sababu draivu ya kompyuta nayo huweza kufanya vivyo hivyo, ikampa mtu sauti ya kubuni bila kumwarifu.

Basi jambo la kwanza ambalo mjaribu hana budi kulikubali, hata kama ni mwanamuziki mwenye sikio la kusifiwa, ni kwamba sikio lake si shahidi. Kelele ya kukwaruza ataisikia, na wimbo uliokatika ataujua, lakini sampuli mia mbili zilizobuniwa katikati ya ngoma na magitaa hatazitambua kamwe, naye atatoa hukumu kwamba programu ni njema ilhali imempa batili. Shahidi wa kutegemewa ni nambari ya uhakiki, ambayo hukokotolewa kutokana na biti zote za wimbo, hata biti moja ikibadilika nambari nzima hubadilika. Nakili wimbo, iandike nambari yake. Unakili tena, ulinganishe. Zikihitilafiana, moja kati ya nakala hizo, au zote mbili, si sahihi, na hakuna haja ya mjadala.

Zikilingana, usiharakishe kushangilia. Draivu nyingi huweka katika hifadhi yao ya muda yale yaliyosomwa punde, na zikiombwa tena hutoa yale yale bila kuigusa diski, hata mtu akadhani amepata mashahidi wawili kumbe ni mmoja aliyesema mara mbili. Programu nzuri hujua namna ya kuifuta hifadhi hiyo kabla ya kusoma upya, na programu changa mara nyingi husahau. Njia nyepesi ya kuipima ni kutazama mwendo: ikiwa usomaji wa pili wa sehemu iliyokwaruzwa, ambayo mara ya kwanza iliichukua draivu dakika mbili za kuhangaika, umekwisha kwa kufumba na kufumbua, pana shaka kwamba diski haikusomwa. Njia ya uhakika zaidi ni kunakili kwa draivu mbili za miundo tofauti, moja labda ya kompyuta ya mezani ya zamani na nyingine ya nje ya kuchomeka kwa waya wa USB, kisha kulinganisha.

Hapo ndipo mgeni wa kazi hii hupatwa na tashwishi nyingine, maana atakuta nambari za draivu hizo mbili hazilingani hata kwa CD mpya isiyo na alama. Sababu yake ni kwamba draivu hazikubaliani juu ya mahali wimbo unapoanzia. Kila muundo una mchepuko wake, mapema au baadaye, kwa idadi maalumu ya sampuli: kwa baadhi ni 6, kwa draivu nyingi za Plextor ni 30, kwa nyingine ni 667. Mchepuko wa sampuli 667 ni sehemu kama 15 za elfu za sekunde, nao hauudhi sikio la mtu yeyote, lakini huzigeuza nambari zote za uhakiki. Programu inayojiheshimu humruhusu mtumiaji kuandika mchepuko wa draivu yake, kisha huusahihisha. Na hiyo ni sehemu ambayo mjaribu anapaswa kuikalia na kuichokonoa.

Nitatoa mfano wa kweli, maana una mafunzo ndani yake. Ipo programu ya Linux iitwayo whipper, iliyotokana na nyingine ya kabla yake iitwayo morituri, nayo haisomi diski yenyewe bali huitegemea programu nyingine ya kusomea, iitwayo cd-paranoia. Iligunduliwa kwamba watumiaji wenye draivu za mchepuko unaozidi sampuli 587 hawaupati wimbo wa mwisho wa CD kwa usahihi, wakati wengine wote wanaupata. Kosa halikuwa la whipper, bali lilikuwa katika maktaba ya libcdio-paranoia iliyo chini yake, na baadaye lilisahihishwa. Tazama hiyo 587 kwa makini: sekta moja ina sampuli 588, kwa hiyo mwenye mchepuko wa 6 au wa 30 hatoki nje ya sekta moja, na mwenye 667 anatoka. Mwandishi mwenye draivu nzuri ya mchepuko mdogo angeweza kuijaribu kazi yake mpaka mvi zimwote asione kitu. Wa kuiona kasoro hiyo ni mtu mwenye draivu nyingine, mwenye subira ya kutazama wimbo wa mwisho na si ule wa kwanza tu. Vijana wengi hujaribu wimbo wa kwanza, wakaridhika, wakaenda zao.

Jina la toleo la majaribio lisikutishe wala lisikulaghai. Exact Audio Copy, programu ya Windows aliyoianzisha Mjerumani Andre Wiethoff mwaka 1998, ilibeba jina la beta kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo hiyo ndiyo ilikuwa mizani ambayo wengine walipimwa kwayo. Cdparanoia ya Christopher Montgomery, ajulikanaye zaidi kwa jina la Monty, ilitumika katika kompyuta za Linux kila pembe ya dunia kwa muda mrefu ikiitwa alfa. Kwa upande mwingine, zipo programu zinazojiita kamili ambazo hazijui hata kwamba kuna kitu kiitwacho mchepuko. Unachopaswa kuuliza juu ya toleo jipya ni hiki: ni nini kilichobadilishwa tangu lile lililotangulia? Soma waraka wa mabadiliko, hata kama ni mistari mitatu, na uanze kazi yako pale palipobadilishwa, kwa kuwa kasoro mpya hupenda kukaa karibu na kazi mpya.

Sasa nije kwenye diski zenyewe, ambazo ndizo utajiri wetu. Mjaribu wa ng'ambo huwa na rafu ya CD za dukani, safi, zilizohifadhiwa katika makasha yao, na kila moja inajulikana katika hazina ya AccurateRip, ambako matokeo ya watu wengi walionakili diski ile ile hulinganishwa. Akipata nambari iliyokwisha kupatikana na wengine, amemaliza kazi. Sisi mambo yetu ni mengine. CD ya kwaya iliyochomwa kwenye duka la kompyuta na kuuzwa mlangoni pa kanisa haimo katika hazina yoyote, na programu itajibu kwamba haikuipata. Jibu hilo si kosa. Lakini namna linavyotolewa ni jambo la kupimwa, kwa sababu kuna programu changa zinazochanganya kutokupatikana na kutokuwa sahihi, zikamwonyesha mtumiaji alama nyekundu ya hatari mahali ambapo pangetosha kusema kwamba hakuna wa kulinganisha naye. Mwenye CD akiona nyekundu hiyo hudhani mali yake imeharibika, akaitupa. Ukilikuta jambo hilo, liandike.

Kusanya, kabla ya kuanza, diski za tabia mbalimbali, na uzijue kila moja kwa alama yake. Iwepo moja iliyo safi ya dukani, inayojulikana duniani, ili uwe na kipimo cha haki. Iwepo iliyokwaruzwa, na ikiwezekana ziwe mbili, moja yenye mkwaruzo ulionyooka toka katikati kwenda ukingoni, na nyingine yenye mkwaruzo uliofuata duara la diski, maana huu wa pili huifuata njia ya leza yenyewe na ni mbaya zaidi kuliko unavyoonekana. Iwepo ya kuchomwa nyumbani, ambayo sauti yake imeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huchakaa kwa jua na joto. Ile iliyokaa miaka chini ya bati la Namuwongo ni ya thamani kubwa kwa majaribio kuliko yoyote utakayonunua. Iwepo diski ya MP3, ambayo si CD ya muziki hata kidogo bali ni diski ya data yenye faili mia moja au zaidi, na iwepo VCD, kwa kuwa katika vikapu vya nyumba zetu filamu zilizotafsiriwa na nyimbo hulala pamoja na hazina lebo. Programu ikipewa VCD inapaswa kusema kwa adabu kwamba haiwezi kazi hiyo. Isijaribu kuinakili, ikaanguka na kumwachia mtu kelele za dakika arobaini. Mwisho, ukibahatika, tafuta ile CD ya miaka ya tisini mwishoni ambayo ina nyimbo na, nyuma yake, sehemu ya data ya picha au video. Hiyo imezifedhehesha programu nyingi.

Kisha kuna suala la majina, ambalo waandishi wengi wa programu hawalifikirii kwa sababu lugha zao haziwalazimishi. Kiswahili kina ng', na alama hiyo ya juu, inapotiwa katika jina la faili na programu isiyo makini, huhesabiwa kuwa ni alama ya kufunga nukuu ndani ya amri, na wimbo ukapotea au programu ikasimama. Jina la Zein L'Abdin, bingwa wa udi kutoka Lamu, lina alama hiyo hiyo. Kiganda kina herufi ŋ, kama katika neno eŋŋoma, na nyimbo za Kongo zina herufi za Kifaransa zenye vikorombwezo. Kuna watu hutia mkwaju katika jina la albamu, wakaandika 1/2, na mkwaju huo huunda folda nyingine pasipo kukusudiwa. Na kuna alama ya kuuliza na nukta mbili, ambazo kompyuta moja huzikubali na flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 huzikataa. Andika jina gumu kwa makusudi, lenye hayo yote, unakili wimbo mmoja mfupi kwenye flashi, uone. Ni jaribio la dakika chache, na nadhani hakuna jaribio jingine ambalo kijana wa Afrika Mashariki anaweza kulifanya kwa ubora zaidi ya wengine.

Huduma za kutafuta majina kwa intaneti nazo zina maajabu yake. Freedb, iliyotumiwa na programu nyingi za zamani, ilifungwa mwaka 2020, na programu inayoiulizia hadi leo itangoja jibu lisilokuja. Pima kama inangoja milele au inakata tamaa baada ya sekunde chache na kuendelea na kazi. MusicBrainz ipo na inafanya kazi, lakini huitambua CD kwa urefu na mpangilio wa nyimbo zake, si kwa kuzisikiliza, na diski ya mchanganyiko iliyochomwa mtaani haitakuwamo mpaka mtu aitie. Ukipata nafasi, itie wewe.

Umeme wa Kampala ni mjaribu wa namna yake, na haudai ujira. Tokeni za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, zikiisha katikati ya wimbo wa saba, au mvua ya mchana ikakata waya, kompyuta isiyo na betri huzimika hapo hapo. Umeme ukirudi, fungua folda utazame: je, wimbo wa saba umebaki na jina lake kamili kana kwamba umekwisha, ilhali ni nusu? Hiyo ni kasoro kubwa, kwa sababu baada ya wiki moja hakuna atakayekumbuka, na nusu itahesabiwa kuwa nzima. Programu iliyoandikwa kwa hekima huandika kwanza faili la muda lenye jina la muda, na hulipa jina la haki pale tu kazi inapokamilika. Jaribu hili kwa hiari yako, kwa kuchomoa waya wa draivu ya nje wakati kazi inaendelea, lakini lifanye kwa diski yako mwenyewe na kwa kompyuta ambayo haina kazi za watu. Jaribu pia flashi iliyokaribia kujaa: saa moja ya sauti ya CD isiyobanwa hutaka megabaiti 635 hivi, na programu inapaswa kujua kabla ya kuanza kwamba nafasi haitoshi.

Papo hapo jihadhari usiisingizie programu dhambi za umeme. Draivu ya nje huhitaji nguvu zaidi inapoanza kuzunguka na inapohangaika na sehemu iliyokwaruzwa, na tundu dhaifu la USB la kompyuta kuukuu huenda lisiweze kuipa. Draivu hujizima na kujiwasha, na programu huonekana imekufa. Badilisha tundu, badilisha waya, ujaribu programu nyingine inayojulikana kwa uthabiti. Kasoro ikizifuata programu zote, si ya programu. Ifute pia diski kabla ya kuilaumu yeyote, kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka na wala si kwa kuzunguka. Na uutazame upande wa lebo, kwani tabaka linaloakisi mwanga liko chini tu ya lebo, na upande wa pili una plastiki ya unene wa milimita zaidi ya moja ya kulikinga. Dawa ya meno, ambayo wengi huisifia kwa kusugulia mikwaruzo, sikushauri.

Juu ya amana nitasema kwa ukali kidogo. CD ya mtu mwingine, hasa ikiwa ni nakala pekee ya sauti ya marehemu, si chombo cha majaribio. Kazi ya mteja ifanywe kwa programu iliyothibitika, na toleo jipya lijaribiwe kwa diski zako. Usilitie toleo la majaribio katika kompyuta ya duka unamofanyia kazi bila idhini ya mwenyewe, wala usilichukue kwa mtu aliyekupa kwenye flashi. Lichukue kwa mwandishi wake, na ikiwa ametangaza nambari ya uhakiki ya faili, ilinganishe. Hadhari hii si woga. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo, zikitiwa katika kompyuta ya Windows, zilipachika programu ya siri ya kuzuia kunakili, iliyojificha ndani ya mfumo wenyewe, mpaka mtaalamu wa kompyuta Mark Russinovich alipoifichua mwezi wa Oktoba mwaka huo. Ikiwa kampuni kubwa namna hiyo iliweza kutenda vile, faili lisilojulikana asili yake litakuwaje?

Tuseme sasa umeiona kasoro. Hapa ndipo wengi huharibu kazi njema, maana huandika kwamba programu haifanyi kazi, basi, na mwandishi aliye upande wa pili wa dunia, ambaye hana diski yako wala draivu yako, hubaki na kilio kisicho na mwili. Ripoti ifaayo haina maneno mengi, lakini kila neno lina mzigo. Hutaja nambari ya toleo na siku lilipotolewa, mfumo wa kompyuta, muundo wa draivu pamoja na nambari ya programu yake ya ndani, na aina ya diski. Halafu husimulia kwa utaratibu: kwamba, kwa mfano, CD ilikuwa ya kuchomwa nyumbani yenye nyimbo 14, kwamba ulibonyeza kunakili zote, kwamba katika wimbo wa 9 kazi ilisimama asilimia 40 na haikuendelea wala haikutoa ujumbe kwa dakika 20, kwamba ulitarajia itaje kosa na kuupita wimbo huo, kwamba umeirudia kazi na jambo limetokea vile vile kila mara, na kwamba kwa toleo lililotangulia, diski hiyo hiyo katika draivu hiyo hiyo, halikutokea. Sentensi hiyo ya mwisho ni dhahabu, kwa sababu humwambia mwandishi kwamba kosa limezaliwa kati ya matoleo mawili, akajua pa kuchimba. Ndiyo maana nawasihi wajaribu wasiyafute matoleo ya zamani. Yawekeni katika folda yenye tarehe.

Ambatanisha kumbukumbu ya kazi ambayo programu yenyewe imeiandika, nzima, bila kukata sehemu unayoidhani haina maana. Kiingereza chako kikiwa cha shida, andika sentensi fupi. Kumbukumbu hiyo itasema yaliyobaki. Kasoro mbili ziandikiwe ripoti mbili. Na kabla ya kuituma, tafuta kama mwingine amekwisha kuieleza, kwa kuwa mwandishi anayefanya kazi hii usiku baada ya ajira yake ya mchana huchoshwa na kusoma jambo moja mara kumi. Anapokujibu na kukutumia toleo lililosahihishwa, ni insafu umjibu hata kama mambo yamekuwa mema: mjaribu anayelalamika kisha akatoweka humwacha mwandishi asijue kama dawa imefaa.

Usitume nyimbo zenyewe. Hazihitajiwi, na huna haki ya kuzigawa. Uganda inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na mwanamuziki wa Kampala ana dhiki za kutosha bila kazi yake kusambazwa kwa jina la majaribio. Nambari za uhakiki, kumbukumbu ya kazi na, ikiombwa, orodha ya mpangilio wa nyimbo zinatosha. Faili hizo ni ndogo, jambo ambalo lina faraja yake katika nchi ambayo data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kwa sababu hiyo hiyo sioni haja ya kupakua toleo la kila usiku. Chukua lile ambalo waraka wake wa mabadiliko unagusa kitu unachoweza kukipima.

Nakala uliyoridhika nayo ihifadhi kwa muundo wa FLAC, ambao huibana sauti bila kupoteza hata biti moja, na ambao hubeba ndani yake nambari ya uhakiki ya sauti ya asili, hata baada ya miaka kumi mtu aweze kuupima wimbo bila kuiona CD. MP3 mtengenezee mteja kutoka humo, kwa ajili ya simu yake. Uganda inajua faida ya kuhifadhi kwa uangalifu: sauti alizozirekodi Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, katika safari zake za mwisho wa miaka ya arobaini na mwanzo wa miaka ya hamsini, zingali zinasikika leo, na nakala zake zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeandika ni nini, cha nani, na kimerekodiwa wapi. Andika nawe hivyo kwa CD ya kwaya ya Soweto, hapa hapa Namuwongo: jina la kwaya, kanisa, mwaka kama unajulikana, na draivu uliyoitumia.

Kompyuta mpya nyingi haziji tena na draivu ya CD, na zile za zamani huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mwenye draivu inayosoma na asiiuze. Na mwenye sanduku la CD, azitenge leo zile zilizochomwa nyumbani, azitoe kwenye joto la bati, na azitangulize mbele ya zile za dukani, maana rangi yake ndiyo inayokufa kwanza. Zilizo zake mwenyewe azitumie kwa majaribio baada ya kupata nakala moja iliyothibitika, na kasoro atakayoiona aiandike siku hiyo hiyo, pamoja na nambari ya toleo.